Kioo Kinachotii Kidole

Kila askari aliyeishi kambini anaijua jioni ya mwisho wa mwezi. Zamu imekwisha, kamba za buti zimelegezwa, na kantini imejaa watu. Mmoja anataka kusikia magitaa ya Kongo. Wa pili anataka wimbo wa kwao unaomkumbusha mama yake. Wa tatu hataki lolote ila ule uliopigwa siku ya harusi yake. Aliyekaa karibu na redio ndiye anayetawala, na wengine wanabaki kunung'unika. Si ajabu basi ugomvi ulioanzia kwenye wimbo kuishia mbele ya mkuu wa kikosi.

Dawa ya ugomvi huo ni ya siku nyingi, nayo ni sanduku la muziki ambalo Wamarekani huliita jukiboksi. Mtu hutumbukiza sarafu, huchagua wimbo, kisha hungoja zamu yake. Sarafu ya kuruta na sarafu ya ofisa zina uzito mmoja ndani ya sanduku hilo. Siku hizi fundi mwenye subira anaweza kujitengenezea sanduku la namna hiyo kwa mbao, kompyuta ndogo na kioo cha kugusa kwa kidole. Makala haya yanakusudia kueleza hasa juu ya kioo hicho na namna ya kukifunga, kwa maana hapo ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibikia.

KUTOKA WIMBO MMOJA HADI MAELFU

Tarehe 23 Novemba 1889, mtu aitwaye Louis Glass aliweka mashine ya santuri inayoendeshwa kwa sarafu katika baa ya Palais Royale mjini San Francisco, Marekani. Mteja alitoa senti tano na kusikiliza kwa kuweka mrija sikioni. Mashine hiyo ilikuwa na wimbo mmoja tu; anayependa alisikiliza, asiyependa alikwenda zake.

Tangu siku hiyo, historia ya sanduku la muziki imekuwa historia ya kuongeza uchaguzi. Mwaka 1946 kampuni ya Wurlitzer ilitoa sanduku lake maarufu lenye namba 1015, lililobuniwa na Paul Fuller, lenye mirija ya rangi na mapovu yanayopanda. Uzuri wake wote ulikuwa na nyimbo 24. Miaka miwili baadaye, yaani 1948, kampuni ya Seeburg ilitoa mashine yake M100A, iliyoweza kupiga pande zote mbili za santuri 50, na hivyo kumpa mteja nyimbo 100. Vifungo vya kubonyeza vilizidi kuwa vingi kadiri nyimbo zilivyoongezeka.

Hata jina lenyewe lina safari ndefu. Wataalamu wengi wa lugha husema kwamba neno juki lilitoka kwa watu weusi wa pwani ya kusini ya Marekani, wazungumzaji wa Kigulla, nao walilirithi kutoka lugha za Afrika Magharibi. Lilihusishwa na vilabu vya ngoma na pombe vya watu maskini. Kwa hiyo chombo tunachokiona kuwa cha Kizungu kinabeba jina lenye asili ya bara letu.

Askari watapenda kujua jambo jingine pia. Mwaka 1942, baada ya Marekani kuingia katika Vita Kuu ya Pili, serikali yake ilisimamisha utengenezaji wa masanduku ya muziki ili viwanda vifanye kazi ya vita. Kiwanda cha Rock-Ola cha Chicago, kilichopewa jina la mwenyewe David Rockola, kiliacha muziki kikatengeneza bunduki nyepesi aina ya M1, zaidi ya 200,000. Vita vilipokwisha, kiwanda kilirudi kwenye nyimbo. Mikono iliyozoea kupima vipande vidogo vya chuma ilifaa kwa kazi zote mbili.

KIOO KILICHOTOKEA KWENYE RADA

Kioo cha kugusa nacho hakikuzaliwa katika starehe. Mwaka 1965, E. A. Johnson wa taasisi ya utafiti wa rada ya Uingereza, iliyokuwa Malvern, alitangaza wazo lake la skrini inayotambua kidole. Aliwafikiria waongozaji wa ndege, ambao walipaswa kutazama skrini na papo hapo kuandika maagizo kwenye vifungo. Aliona kwamba jicho na kidole vikifanya kazi mahali pamoja, makosa yatapungua.

Muda mfupi baadaye wahandisi wa CERN, kituo cha utafiti wa nyuklia karibu na Geneva, walikabiliwa na shida kama hiyo. Mtambo wao mpya ungehitaji maelfu ya vifungo na swichi katika chumba cha kuuongozea. Frank Beck na Bent Stumpe walibuni kioo chenye vifungo 16 vya kugusa, ambavyo maandishi yake yangeweza kubadilishwa kila mara. Kwa hiyo vifungo 16 viliweza kufanya kazi ya maelfu.

Hiyo ndiyo siri ambayo sanduku la muziki lilikuwa likiitafuta. Nyimbo zikifika 5,000 hakuna seremala awezaye kutoboa matundu ya vifungo 5,000. Lakini kioo kimoja hubadilisha sura yake: kwanza kinaonyesha herufi, kisha majina ya wanamuziki, kisha nyimbo zao. Kuanzia mwaka 1998 kampuni ya TouchTunes ya Amerika Kaskazini ilianza kuweka masanduku ya namna hiyo katika baa. Fundi wa nyumbani akafuata nyuma.

VITU VINAVYOHITAJIWA

Sanduku la kujitengenezea lina viungo vichache. Kiungo cha kwanza ni kompyuta. Mafundi wengi hutumia ile ndogo iitwayo Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa Uingereza tarehe 29 Februari 2012, ambayo haizidi ukubwa wa kitambulisho cha mfukoni. Wengine hutumia kompyuta kuukuu ya ofisi, nayo inafaa vilevile. Kiungo cha pili ni amplifaya na spika zake. Cha tatu ni kabati la mbao. Cha nne ni kioo.

Juu ya nafasi ya kuhifadhi nyimbo, fundi asiwe na wasiwasi. Wimbo wa dakika nne uliohifadhiwa kwa mtindo wa MP3 wa kawaida huchukua karibu megabaiti nne. Kadi ya gigabaiti 32, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, hubeba nyimbo zaidi ya 6,000 na bado ikabaki na nafasi ya programu zake. Zamani mzigo kama huo ungejaza ghala la santuri.

KUCHAGUA KIOO

Vioo vya kugusa vipo vya aina nyingi, lakini fundi wa kantini atakutana hasa na aina tatu.

Aina ya kwanza ni kioo cha mkazo. Juu kuna utando wa plastiki, chini yake kuna kioo, na kila kimoja kimepakwa tabaka jembamba lisiloonekana linalopitisha umeme. Vinundu vidogo mno huvitenganisha. Kidole kinapobonyeza, matabaka hayo hugusana, na chombo cha ndani hupima umeme ili kujua mahali pa mguso, kwanza kwa upana, kisha kwa urefu. Kioo hiki hutii kidole chenye glavu, kidole kilicholowa, hata ncha ya kalamu. Udhaifu wake ni kwamba utando wa plastiki huchubuka mtu akibonyeza kwa ufunguo au kisu.

Aina ya pili ni ile ya simu za mkononi. Kidole cha binadamu hupitisha umeme, na kikikigusa kioo hubadilisha chaji iliyopo juu yake. Ni kioo kigumu na kinang'aa vizuri. Lakini hakisikii glavu za kawaida, na matone ya maji hukichanganya. Katika kantini ambamo chupa baridi hutoka jasho mkononi, jambo hilo si dogo.

Aina ya tatu hutumia miale isiyoonekana inayopita mbele ya kioo, kutoka ukingo mmoja wa fremu hadi wa pili. Kitu chochote kikikata miale huhesabiwa kuwa kidole. Hapo ndipo penye faida na hasara: hata vumbi likijaa pembeni, au mdudu mkubwa akitua, sanduku huweza kudhani limepewa amri.

Kwa matumizi ya watu wengi, wenye mikono iliyolowa na wasio na subira, skrini kuukuu ya mkazo iliyotoka katika mashine ya duka la kuuzia bidhaa si ya kudharauliwa. Anayeinunua akumbuke kuitazama nyuma: lazima ziwepo waya mbili zinazokwenda kwenye kompyuta, moja ya picha na moja ya mguso. Wengi wameunganisha waya wa picha peke yake, wakaona picha nzuri, wakabonyeza hadi kucha zikawauma, wakalaani kioo kisicho na kosa.

KUKIFUNGA KATIKA KABATI

Kazi ya mbao ianze baada ya kioo kupatikana, si kabla yake. Namba ya inchi iliyoandikwa kwenye boksi hupimwa kutoka pembe hadi pembe ya picha, nayo haielezi ukubwa wa fremu. Pima kioo chenyewe kwa rula, pima mara ya pili, ndipo ushike msumeno.

Nyuma ya skrini nyingi kuna matundu manne ya skrubu yaliyopangwa mraba, yenye umbali wa milimita 75 au 100 kutoka moja hadi jingine. Matundu hayo ndiyo mabega ya skrini, na uzito wote ubebwe hapo, kwa ubao au chuma kinachokatiza nyuma ya kabati. Skrubu ndefu kupita kiasi zitatoboa vitu vya ndani. Kwa hiyo zipimwe kabla ya kukazwa.

Sasa twende kwenye kosa kubwa kuliko yote. Fundi mwenye bidii hutaka kazi yake ionekane nadhifu, basi huibana skrini kwa nguvu nyuma ya fremu ya mbao hadi usiweze kupitisha hata karatasi. Kama kioo ni cha mkazo, ukingo wa ubao sasa umekuwa kidole kisichoondoka. Siku ya kwanza mambo huwa salama. Siku ya tatu mbao hunywa unyevu na kuvimba, na usiku wa manane sanduku huanza kujichagulia nyimbo bila mtu kulisogelea. Watu husema limeingiwa na pepo. Pepo huyo ni skrubu iliyokazwa mno.

Dawa yake ni kuacha nafasi ya milimita moja au mbili kati ya ubao na kioo, na kuijaza kwa ukanda wa sponji laini pembeni kabisa, nje ya sehemu inayosikia mguso. Sponji huzuia vumbi na pombe iliyomwagika, wala haibonyezi. Kwa kioo cha miale, ubao usifunike hata kidogo ukingo unaotoa miale hiyo.

Mambo mengine manne hayana budi kuangaliwa. Kwanza, kioo kiinamishwe nyuma kidogo na kiwekwe usawa wa kifua, ili mfupi na mrefu wote wakisome bila kuinama. Skrini za bei nafuu hubadilika rangi zikitazamwa kutoka chini. Pili, joto lipate njia ya kutokea: matundu chini kwa hewa baridi na matundu juu kwa hewa ya moto, kwa sababu amplifaya iliyofungiwa huipika kompyuta. Tatu, mtikisiko wa besi hulegeza skrubu na plagi; weka washa za mpira, na funga waya ubavuni mwa kabati. Nne, waya wa ardhi uunganishwe kama inavyotakiwa. Kioo cha aina ya simu kikipata umeme mchafu kutoka katika chaja duni huanza kurukaruka, na kabati lenye sehemu za chuma lisilo na waya wa ardhi linaweza kumuua mtu.

Hapa natoa onyo la kweli. Anayegeuza redio au amplifaya kuukuu kuwa sehemu ya sanduku lake ajue kwamba kapasita kubwa za ndani hubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Kazi ya umeme wa ukutani afanye fundi aliyefundishwa. Hakuna wimbo wenye thamani ya uhai.

KULENGA SHABAHA

Askari hukabidhiwa bunduki mpya, hulenga katikati ya shabaha, na risasi hupiga kushoto. Halaumu shabaha. Hupiga risasi chache zaidi, hutazama zilipoangukia, kisha hurekebisha kilengeo. Kioo cha kugusa huhitaji jambo lilo hilo. Programu huonyesha alama za msalaba karibu na pembe za skrini, moja baada ya nyingine. Mtu huzigusa, na kompyuta hulinganisha mahali alipogusa na mahali ilipotegemea kuguswa. Baada ya hapo hujua namna ya kurekebisha kila mguso.

Kazi hii ifanywe baada ya kioo kufungwa katika kabati, siyo mezani, na aifanye mtu aliyesimama pale watakaposimama watumiaji. Kioo cha mkazo kina unene juu ya picha, na jicho linalotazama kutoka juu huona alama mahali tofauti na jicho linalotazama kutoka mbele. Aidha, fundi akisimamisha wima skrini iliyotengenezwa kulala, ni lazima aigeuze picha na augeuze mguso pia. Akisahau la pili, kidole kitakwenda juu na alama itakwenda kando.

Usiyadharau makosa haya ukidhani ni ya muziki tu. Mtu aliyetoa sarafu yake, akagusa wimbo mmoja na kupigiwa mwingine, haoni kosa la kipimo, anaona ameibiwa. Akishaona hivyo mara mbili, atarudi kwenye redio na ugomvi wake wa zamani.

SHERIA ZA NDANI YA SANDUKU

Kioo kikishatii, ibaki haki. Vifungo vinavyochorwa juu ya skrini viwe na upana unaozidi ncha ya kidole, yaani zaidi ya sentimita moja, na viachane. Afadhali ukurasa wenye majina manane yanayosomeka kuliko wenye majina arobaini yanayokosewa. Wimbo ukiguswa, jibu lionekane papo hapo, kwa rangi au kwa maandishi, la sivyo mtu atagusa mara tano na kupanga wimbo wake mara tano.

Foleni ionekane wazi kwenye kioo: nani anafuata, na baada yake nani. Wala pasiwe na kibodi ya siri nyuma ya kaunta ya kumruhusu mkubwa kuruka mstari. Programu ifunguke yenyewe umeme unapowashwa na ijaze skrini yote, pasiwe na njia ya mtumiaji kuitoka.

Nyimbo za kwetu zina mitego yake. Santuri ndogo za Kongo na Afrika Mashariki mara nyingi ziligawa wimbo mmoja pande mbili. Anayezihamishia katika kompyuta aunganishe upande wa kwanza na wa pili, ama sivyo wimbo utakatika pale magitaa yanapoanza kuchachamaa. Majina nayo yasumbua: Franco ndiye Luambo Makiadi, na Tabu Ley ndiye Rochereau. Mzee atatafuta kwa jina moja na kijana kwa jingine; basi orodha iwafikishe wote mahali pamoja. Tena nyimbo za TP OK Jazz za miaka ya 1980 huweza kuzidi dakika kumi. Kantini ikubaliane mapema kama wimbo mrefu ni sarafu moja au mbili.

Nasi tulio walinzi wa sheria tusiwe wa kwanza kuivunja. Uganda ilitunga mwaka 2006 Sheria ya Haki Miliki na Haki Jirani, inayolinda kazi za wanamuziki. Nyimbo zinunuliwe, na ruhusa ya kuzipiga mbele ya watu iombwe kwa wanaohusika.

Mwisho, umeme ukikatika ghafla, kadi ya kompyuta iliyokuwa ikiandikwa huweza kuharibika, na nyimbo zote zikapotea. Betri ndogo ya akiba, inayoipa kompyuta dakika chache za kujizima kwa taratibu, ni ulinzi wa gharama ndogo. Nakala ya pili ya nyimbo iwekwe ofisini.

Msomaji atasema: taabu yote hii kwa ajili ya wimbo? Naam. Mtu aliyeshinda kutwa akitii amri ana saa moja ya kuamuru jambo dogo, nalo ni wimbo atakaousikia kabla ya kulala. Fundi akikiweka kioo sawa, kidole cha kuruta kitatiiwa sawasawa na kidole cha kamanda, kila mmoja kwa zamu yake. Kazi ikifikia hapo imekamilika, na bisibisi irudishwe sandukuni.